Kidonge Kilichopitishiwa Mkono

Habari hii nilisimuliwa na Imarti mwenyewe, kipindi cha baridi kilichopita, tukiwa juu ya paa lake tunamenya njegere. Alisimulia polepole. Na mimi naiandika polepole, ili hata aliyeanza kusoma jana aweze kuifuata.

Imarti anaishi katika mji wa Vidisha, mtaa wa nyuma ya soko la nafaka. Mume wake, Dalchand, kazi yake ni kusuka upya nyaya za mota za pampu. Wanaishi na mama yake Dalchand, Bibi Ramkali, na binti yao mmoja, Kesar, mwenye miaka tisa. Chumba cha juu wamempangisha Mwalimu Vaidehi, anayefundisha kemia katika chuo cha wasichana.

Kila asubuhi Imarti alikanda unga, akapika chapati, akachemsha chai. Lakini masikio yake hayakuwa jikoni. Yalikuwa yanasikiliza kikombe.

Siku moja, zamani kidogo, Kesar alikuwa anakunywa maziwa kwenye kikombe cha chuma. Kikombe kilianguka, kikabingirika sakafuni. Imarti alipogeuka, alimkuta mtoto chini, macho yamepinduka, mikono imekakamaa, mwili mzima unatikisika. Tangu siku hiyo, sauti ya chuma kikibingirika ilimkata pumzi.

Daktari wa hospitali alisema ni kifafa. Alisema si laana, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Akaandika vidonge. Kidonge kizima asubuhi, kidonge kizima jioni, bila kuacha hata siku moja. Kesar alimeza, na mwaka ukapita bila kuanguka. Akarudi shule. Akajifunza kuruka kamba. Lakini hofu ya Imarti haikumeza kidonge chochote. Ilibaki pale pale.

Bibi Ramkali naye alikuwa na hofu yake. Hakuisema. Aliipeleka kwenye nyimbo.

Kila Jumanne alikwenda na wanawake wenzake kwenye ukumbi wa Guru Tejnath, mwalimu wa kiroho. Waliimba, wakapiga makofi, wakarudi na nyuso zilizotulia. Guru huyo alisifiwa kwa mikono yake. Watu wake walisema mwili wake umezungukwa na nguvu isiyoonekana. Akipitisha mkono juu ya kitu, bila kukigusa, nguvu ile inaingia ndani na kukibadilisha. Iwe mbegu, iwe chumvi, iwe dawa.

Jumanne moja, mara tu baada ya sikukuu ya Dasara, Bibi Ramkali alirudi amechangamka. Mkononi alikuwa na kopo la vidonge vya Kesar.

"Njooni! Njooni wote!" aliita toka mlangoni. "Guru amevipitishia mkono. Msaidizi wake amesema sasa robo ya kidonge ina nguvu ya kidonge kizima. Mtoto atakula robo tu. Vingine vimekuwa prasadi."

Nchi ile, prasadi ni chakula kilichowekwa mbele ya Mungu kikabarikiwa. Hakiliwi na mtu mmoja. Hugawiwa, kila mtu apate japo punje. Na ukinyooshewa prasadi hukatai. Unakinga mkono wa kulia juu ya wa kushoto, unapokea, unagusisha kwenye paji la uso, unakula. Ndivyo walivyolelewa wote.

Basi Bibi Ramkali akaanza kugawa vidonge vya kifafa kama anagawa sukari.

Dalchand alikinga mkono, akapokea, akameza. Phulwa, binti wa jirani mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa amekuja kuazima kinu. Naye akapewa. Ikafika zamu ya Imarti. Alitaka kusema, "Mama, hii ni dawa ya mwanangu." Lakini mkamwana hasemi hivyo mbele ya watu. Alipokea. Akagusisha kwenye paji la uso. Kisha, wakati Bibi anageuka, akakifunga kile kidonge katika pindo la sari yake.

Mwalimu Vaidehi alikuwa anashuka ngazi na mkoba wake. Bibi Ramkali akamwekea kidonge kiganjani. Mwalimu akakitazama, akakigeuza, akasoma alama yake.

"Bibi, hiki ni kidonge cha Kesar."

"Kilikuwa, Mwalimu. Sasa ni prasadi."

"Nani mwingine amepewa?"

"Mtaa mzima ukitaka! Au nyie wasomi baraka mnapimiwa kwa mizani?"

Wanawake waliorudi naye kutoka ukumbini wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alimwendea Phulwa, akamwuliza taratibu, "Umekula, mdogo wangu?"

"Bado, Dada. Nilitaka kwenda kumeza na maji."

"Nipe nikutunzie. Dawa aliyoandikiwa mtu mwingine inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Sukari ya prasadi kula. Hii usile."

Phulwa akampa. Bibi Ramkali alivuta ncha ya sari usoni na kuingia ndani. Jioni ile sufuria ziliwekwa chini kwa kishindo.

Kuanzia hapo, Kesar alipewa robo. Imarti alimwomba mume wake, "Baba Kesar, kwanza tumwulize daktari."

Dalchand alikuna kichwa. "Msaidizi wa Guru ana karatasi. Nimeziona. Zina michoro, milima na mabonde, imepimwa na mashine. Watu hawawezi kuandika uongo mrefu namna ile."

"Na akianguka?"

"Usitamke! Maneno kama hayo ndiyo yanayoleta."

Siku ya kwanza Kesar hakuanguka. Ya pili hakuanguka. Bibi Ramkali alipita jikoni akiimba, akimtupia Imarti jicho. "Kuna watu hapa walitaka mtoto aendelee kujazwa sumu." Imarti aliendelea kukanda unga. Alilala akiwa ameshika kifundo cha mguu wa mtoto, ili akitikisika ajue.

Wiki haikuisha. Ilikuwa mchana wa jua zuri. Walikuwa wanatoa mablanketi ya pamba sandukuni na kuyaanika juu ya paa, maana baridi ilikuwa inakaribia. Nguo zote zilinuka naftalini, zile punje nyeupe zinazowekwa sandukuni kufukuza wadudu. Kesar alikuwa anasaidia kunyoosha pembe ya blanketi, karibu na ukingo wa paa. Ukingo wenyewe ulikuwa mfupi, unamfika magotini.

Imarti hakusikia kikombe. Hakusikia chochote. Aliona tu pembe ya blanketi inaanguka.

Sijui aliruka vipi. Alimshika Kesar nguo, wakaanguka wote wawili upande wa ndani. Mtoto alikakamaa. Povu likamtoka mdomoni.

"Kiatu!" alipiga kelele Bibi Ramkali. "Mnusishe kiatu, azinduke!"

"Leteni kijiko," alisema Dalchand. "Atajikata ulimi!"

Mwalimu Vaidehi alitoka chumbani mbio. "Hapana! Msimnusishe kitu. Msimtie kitu mdomoni, atavunjika meno au atapaliwa. Msimkandamize. Imarti, mgeuze alale ubavu, mate yatoke. Weka blanketi chini ya kichwa. Kaka Dalchand, shika saa. Ikifika dakika tano hajatulia, tunambeba kwenda hospitali."

Walisubiri. Mkono wa saa ulikwenda kama umefungwa jiwe. Kisha mwili wa Kesar ukalegea. Akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho bila kujua yuko wapi.

Imarti alimkumbatia. Na pindo la sari likafunguka. Kidonge kile, alichokuwa akikihamishia kila sari aliyovaa, kikadondoka sakafuni, cheupe, mbele ya miguu ya Bibi Ramkali.

Bibi alikitazama. Akamtazama mkamwana wake. "Hukula."

"Mama..."

"Uliificha prasadi. Ulimdharau Guru ndani ya nyumba hii hii. Ndiyo maana nguvu imeondoka. Wewe ndiye umemwangusha mtoto."

Imarti aliniambia kuwa maneno yale yalimwingia mwilini kama maji ya barafu. Kwa sababu hata yeye alijiuliza. Je, kama ni kweli?

Siku ile ile walimpeleka Kesar hospitali. Mwalimu alikwenda nao. "Mimi ni mwalimu wa kemia," alisema. "Sikuambii umpe kiasi gani. Hilo ni la daktari."

Daktari alisikiliza mambo ya robo, akafumba macho kidogo. "Dawa hii haipunguzwi ghafla," alisema. "Ukipunguza ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Anaweza kufa. Kizima asubuhi, kizima jioni. Mkitaka kubadilisha chochote, njooni kwangu kwanza." Akawapa kopo jipya.

Walipofika nyumbani, Bibi Ramkali alinyoosha mkono. "Lete kopo. Jumanne nitalipeleka. Safari hii hakuna wa kuficha."

Imarti alilikumbatia kopo kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hakutii.

"Dalchand!" aliita Bibi. "Mwambie mke wako."

Dalchand alimtazama mama yake, akamtazama mke wake. Alikuwa kama mtu aliyesimama katikati ya reli mbili. Hapo Mwalimu Vaidehi akasema, "Bibi, naomba neno moja. Huyo msaidizi alisema mkono wa Guru unabadilisha dawa tu, au kila kitu?"

"Kila kitu! Chumvi, mbegu, dawa za viwandani. Kinabadilika mpaka ndani ya ndani."

"Basi tusijaribu kwa mtoto. Tujaribu kwa kitu kisichokufa." Akaokota punje ya naftalini iliyodondoka kwenye blanketi. "Hii ni kemikali moja tupu. Si ya kula, wala usikae ukivuta harufu yake. Ukiipasha moto, inayeyuka kwenye joto lile lile kila mara, karibu na nyuzi themanini. Ndivyo tunavyoitambua maabara. Ikibadilika ndani, joto la kuyeyukia nalo litahama. Tutaisaga, tuichanganye vizuri, tuigawe vifurushi viwili. Kimoja upeleke Jumanne kikapitishiwe mkono. Kingine kibaki hapa."

Bibi alifikiri. "Na ikionekana imebadilika?"

"Nitasema imebadilika. Mbele ya mtaa wote."

"Na kopo?"

Mwalimu alimtazama Imarti. Imarti ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Ikibadilika, Mama, nitakukabidhi kopo."

Tangu aseme hivyo hadi Jumanne, alilala na kopo chini ya mto.

Jumanne Bibi alikwenda, akarudi na kifurushi chake. Guru alikipitishia mkono, kama alivyoombwa. Asubuhi ya pili yake Mwalimu aliteremsha vyombo uani, penye hewa: jiko dogo, chupa ya kioo ya maji, kipimajoto, na mirija ya kioo myembamba kama njiti. Unga wa naftalini uliingizwa ndani ya mirija. Mrija ulifungwa pamoja na kipimajoto, vikazamishwa majini, maji yakapashwa taratibu.

"Kaka Dalchand, wewe una macho ya kazi. Tazama unga, utwambie ukiwa maji."

Waliweka kwanza wa Guru. Dalchand aliinama, pua karibu iguse kioo. "Sasa! Umeyeyuka! Sabini na sita!"

Kisha wakaweka ule uliobaki nyumbani. "Bado... bado... sasa. Themanini."

Bibi Ramkali alipiga makofi. "Umeona, Mwalimu? Umeona? Umehama!"

Imarti aliketi chini. Aliliona kopo likitoka mikononi mwake. Aliona ukingo wa paa.

"Nimeona," alisema Mwalimu. "Sasa niambieni. Kaka alijua upi ni upi?"

"Si tumemwambia?" alisema Bibi.

"Hapo ndipo tulipokosea. Na nimeacha tukosee makusudi, mjionee. Unga hauyeyuki mara moja. Kwanza unatoa jasho, kisha unalegea, kisha unakuwa maji. Kaka alipojua ni wa Guru, aliita kwenye jasho. Alipojua ni wa nyumbani, alingoja maji."

"Unaniita mwongo?" Dalchand alikunja uso.

"Hata kidogo. Jicho lolote lingefanya hivyo. Hata langu. Ndiyo maana anayepima hatakiwi kujua anapima kipi. Ukiona karatasi yenye milima na mabonde, uliza hilo kwanza: aliyepima alijua? Walilinganisha na ambacho hakikuguswa? Wamerudia mara ngapi? Na watu wengine wamejaribu wakapata vilevile?"

Dalchand alikunjua uso. Alikuwa anakitazama kipimajoto.

Safari hii walibadilisha mpango. Imarti alipewa vifurushi vyote viwili. Alikwenda peke yake jikoni, akafunga mlango. Alijaza mirija minne, miwili kutoka kila kifurushi. Kila mrija aliufunga uzi wa rangi yake. Vipande vya nyuzi zile zile akavifungia kila kimoja katika kifurushi ulikotoka unga wake, ili siri ibaki mle, si kinywani mwake. Akaipitisha mirija chini ya mlango. Yeye akabaki ndani, asije akasema kwa uso.

"Bibi, sasa wewe utazame unga," alisikia sauti ya Mwalimu. "Ukiwa maji kabisa, piga kelele. Kaka asome joto tu."

Imarti aliegemeza kichwa ukutani. Hakuona kitu. Alisikia tu.

"Macho yangu ya kizee haya..." alinung'unika Bibi.

"Yanaona jirani akikatiza uchochoro wa tatu," alisema Dalchand.

"Nyamaza we! ... Sasa! Maji!"

"Mwekundu, themanini."

Jiko linavuma. Imarti aling'ata pindo la sari.

"Sasa!"

"Mweupe, themanini."

"Sasa!"

"Wa kijani, sabini na tisa... na nusu."

"Sasa!"

"Wa njano, themanini."

"Bibi," aliuliza Mwalimu, "kabla hatujafungua. Mirija miwili ni ya Guru. Unahisi ni ipi?"

Bibi aliikagua mirija. "Wa kijani. Umetangulia kidogo. Na mwekundu, rangi ya heri."

Mlango ukafunguliwa. Imarti akatoka. Mwalimu hakugusa vifurushi. Alimwachia Bibi Ramkali. Vidole vya kizee vikafungua fundo la kifurushi alichokibeba mwenyewe Jumanne. Ndani mlikuwa na uzi mwekundu na uzi mweupe. Ule wa kijani, aliouona umetangulia, ulitoka kwenye kifurushi ambacho hakikutoka nyumbani kabisa.

"Rudia," alisema Bibi.

Walirudia. Imarti alibadilisha nyuzi, akajifungia tena. Tena unga wote uliyeyuka pale pale, karibu na themanini, na Bibi hakuweza kutambua upi ni upi. Hakuomba mara ya tatu. Alikaa kwenye kibao, mikono mapajani.

"Naftalini si dawa," alisema hatimaye, lakini sauti haikuwa na ugomvi.

"Kweli, si dawa," alisema Mwalimu. "Jaribio hili halikutuambia kila kitu. Limetuambia kuwa kitu kimoja walichosema kitabadilika, hakikubadilika tulivyokipima. Sasa anayesema robo ni sawa na kizima, yeye ndiye aoneshe. Aoneshe kwanza, tena maabara. Si juu ya mwili wa Kesar."

Bibi Ramkali alianza kulia, bila sauti.

"Nilikuwa na dada," alisema. "Jina lake Jamna. Alikuwa na ugonjwa huu huu. Hapakuwa na vidonge. Aliangukia mekoni, peke yake. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji." Akafuta uso. "Vidonge vinaisha koponi, Mwalimu. Kila vinapopungua namwona Jamna. Nilitaka kitu kisichoisha."

Imarti hakujua. Miaka yote ile chini ya paa moja, hakujua. Alikwenda akaketi sakafuni karibu na mama mkwe wake. Akaweka kopo juu ya mapaja yake.

"Mama, nitunzie wewe," alisema. "Kizima asubuhi, kizima jioni. Vikibaki vya wiki moja, niambie, nitakwenda kuchukua vingine. Havitaisha."

Bibi alilishika kopo kwa mikono miwili, kama linavyoshikwa yai.

Mchana ule ule alivaa ndala, akapita nyumba kwa nyumba akikusanya vidonge alivyogawa. "Rudisha, rudisha," alisema. "Nilikosea. Ile ni dawa ya mtoto. Jumanne nitakuletea sukari." Vilivyopatikana alivipeleka hospitali vikaharibiwe. Ukumbini kwa Guru bado anakwenda kuimba, maana anapenda kuimba. Lakini hapeleki dawa. Na wenzake wakipeleka zao, huwavuta pembeni, akawauliza kwa sauti ya kunong'ona, "Aliyepima alijua?"

Dalchand alijenga ukingo wa paa ukamfika Kesar kifuani. Phulwa alijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye kelele. Kesar alimeza vidonge vyake, vizima, kila siku. Baridi ilikuja, ikakolea, ikaanza kupungua, na hakuanguka.

Siku moja ya jua walikuwa wote juu ya paa baada ya chakula. Dalchand alijifunika gazeti usoni, akalala. Kesar alilala kwenye blanketi, mkono chini ya shavu. Mwalimu alisinzia na madaftari ya wanafunzi mapajani.

"Lala na wewe," Bibi Ramkali alimwambia Imarti. "Macho yako yamekuwa kama mashimo. Mimi nipo, namwangalia."

"Sina usingizi, Mama."

"Nimesema lala."

Imarti alijilaza, macho wazi. Haukupita muda Bibi mwenyewe alianza kukoroma, mdomo wazi, kopo la dawa likiwa katika fundo la sari yake. Imarti akatabasamu. Upepo ukapita. Kikombe cha chuma kilichokuwa ukingoni kikadondoka, kikabingirika sakafuni, kikilia.

Alishtuka, akaketi. Kesar alikuwa pale pale, amelala, pumzi zinapanda na kushuka. Ulikuwa upepo tu. Imarti alikaa kidogo, anamtazama. Kisha akakifuata kikombe, akakisimamisha penye kivuli. Akarudi, akajinyoosha kando ya mtoto, na safari hii hakumshika mguu. Jua lilimpata mgongoni. Akalala.